Mpini Mmoja na Nusu

Begi la Urbani lilikuwa nyuma ya mlango tangu Jumatano. Begi la bluu, zipu ilishakufa siku nyingi, ndani mashati mawili, suruali ya kazi na blanketi. Jumatatu alfajiri basi lingepita barabarani na Urbani angepanda aende Tunduru, kwenye machimbo ya madini, kama walivyoenda vijana watatu wa pale Lipembe mwaka juzi. Mmoja alirudi na pikipiki. Wawili mpaka leo wanapiga simu Krismasi tu.

Sio kwamba alipenda. Kahawa yao mwaka jana ilipigwa na ugonjwa wa chulebuni, matunda yakaozea mtini yakiwa bado mabichi, na mavuno mengine ni mpaka mwezi wa saba. Huu mwezi wa tatu. Sasa mtu afanyeje? Nyumba nzima hakuna aliyelipenda lile begi isipokuwa kuku mmoja mwekundu. Huyo kila ukigeuka yumo ndani, kajikunja juu ya blanketi kama abiria aliyewahi siti ya dirishani.

"Shii! Toka huko!" Mama Walburga alimtimua kwa ufagio. Huyu ndiye mama yake Urbani, mwembamba kama mpini wa jembe na mgumu vilevile. "Kuku gani huyu anataka kufika Tunduru kabla ya mwenye begi?"

"Mwache mama," Urbani akasema. "Labda yeye ndiye atapata madini."

Hilda, mke wake Urbani, hakucheka. Alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu kwa mara ya kumi: *Umechaguliwa kwenye usaili wa kazi ya mwandishi wa maelekezo. Fika ofisi ya Ushirika kesho Jumamosi saa tatu asubuhi. Njoo na kalamu.*

"Kazi ya nini hasa hiyo, Mama Glorious?" Mama Walburga akauliza. Glorious ni mtoto wao wa miaka minne, na muda huo alikuwa nje anamhubiria mbuzi.

"Ya kuandika maelekezo, mama. Zile mashine mpya za Ushirika, ya kumenya kahawa na ile ya kupimia unyevu, vitabu vyake vimekuja na Kichina na Kiingereza. Wanataka mtu aziandikie Kiswahili, mkulima asome, afanye mwenyewe, asiharibu."

"Kama ile waliyoiwasha bila maji?"

"Kama ile."

Ile kila mtu Lipembe anaikumbuka. Msimu uliopita mashine iliwashwa kavu, ikalia kama mbuzi anachinjwa, halafu ikanyamaza moja kwa moja.

"Na wanalipa?"

"Laki nne na nusu kwa mwezi. Mkataba miezi kumi."

Hapo hata Mama Walburga aliweka ufagio chini. Urbani alimwangalia mke wake, akaangalia begi, akamwangalia tena mke wake.

"Ukiipata, siendi popote," akasema. "Nakuapia. Begi nalifungua siku hiyohiyo."

"Na nikiikosa?"

"Jumatatu."

Mama Walburga akaokota ufagio wake. "Haya. Ila mimi nilijua watu wa ziwani mnaanika dagaa. Kuandika mmeanza lini?"

Ndivyo alivyo. Hilda ni mtu wa Kihagara, kule chini Nyasa, na miaka minane ya ndoa haijamtosha mama mkwe kuacha kumwita mtu wa dagaa.

*

Asubuhi Hilda alitoka na viatu mkononi, maana mvua ilinyesha na njia ya kushuka kutoka kwao hadi barabarani ni tope tupu. Alipofika kwenye kilima ambapo mtandao unashika vizuri, akampigia dada yake Scholastica, anayeishi Ngumbo, palepale ufukweni.

"Sema haraka, nageuza dagaa," Scholastica akajibu. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na maji ya ziwa. "Jua lenyewe la kuazima leo."

"Naenda kwenye usaili. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Watakuja watu wa chuo. Mimi fomu foo."

"Hilda, nisikilize. Mimi kahawa sijawahi hata kuuona mti wake. Lakini najua mnavyoimenya, mnavyoilowesha, mnavyoianika kwenye vichanja, na kwa nini msipoigeuza inanuka. Nani kaniambia?"

"Mimi."

"Kwa njia gani?"

"Kwa meseji."

"Basi kawaandikie kama unavyoniandikiaga mimi. Ukiandika kama unaandika barua kwa mkuu wa wilaya, umekwisha. Sasa niache, kunguru wanakula mtaji wangu."

*

Kwenye baraza la ofisi ya Ushirika kulikuwa na benchi moja, chupa ya chai na vikombe. Hilda alinawa miguu bombani, akavaa viatu, akakaa mwisho wa benchi karibu na ile chupa. Na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana dakika mbili hazikupita akaja kijana ana suti ya bluu iliyokoza na kompyuta kwapani.

"Dada, mambo? Mimi naomba isiyo na sukari."

Hilda akamtazama. Kijana akamtazama. Basi bwana, Hilda akammiminia. Angefanyaje? Kijana akapokea, akashukuru vizuri tu, akasema anaitwa Victor, kamaliza chuo kikuu, na hii kazi kwa kweli ni ya kusubiria tu kazi yenyewe.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Meshack, mstaafu, aliyefundisha nusu ya kijiji akiwemo Urbani. Hilda alisimama. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua miche?"

"Nimekuja kwenye usaili, mwalimu."

"Oh! Vizuri! Vizuri sana kujaribu."

Victor chai ilimpalia. Alikohoa mpaka Mwalimu Meshack akampiga mgongoni.

Ndani walikaa wawili. Mmoja Bi Sumaiya, meneja wa Ushirika, binti wa mzee Abdulhamid mwenye duka kubwa la majembe na mabati Mbinga mjini. Mwingine Mzee Ignatio, mwenyekiti, mkulima wa kahawa tangu hajaota ndevu. Swali la kwanza lilikuwa moja kwa wote: umewahi kuandika nini?

Victor: tasnifu ya kurasa themanini na nne. Mwalimu Meshack: maandalio ya masomo, kila siku, miaka thelathini na mitatu.

"Na wewe mama?" Mzee Ignatio akauliza.

"Meseji," Hilda akasema.

Mzee Ignatio alicheka hadi miwani ikamdondokea mezani. "Meseji! Za simu?"

"Za simu, mzee. Kwa dada yangu yupo Ngumbo. Namwelezaga jinsi vitu vya huku vinavyofanywa. Nikieleza vibaya ananipigia ananitukana, basi narudia mpaka aelewe."

Mzee Ignatio alikuwa bado anafuta machozi. Bi Sumaiya hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaifunika.

*

Mtihani wenyewe aliuchagua Mzee Ignatio. "Tusiwaonee kwa mashine wasizozijua," alisema. "Waandike kitu ambacho kila mtu huku anakijua. Waandike jinsi ya kulima ngoro."

Ngoro ndiyo uhai wa Umatengo. Milima yote ile mikali kama ubavu wa paa la nyumba, mvua inakuja kama imetumwa, lakini udongo hauendi. Kwa sababu mlima mzima umechimbwa vishimo vishimo kama sega la nyuki, maji yanaingia kwenye vishimo yanatulia, na maharage yanaota kwenye matuta yaliyozunguka. Mtoto wa Kimatengo anazaliwa anazikuta, anakua anazichimba. Hakumbuki lini alifundishwa.

"Saa moja," Bi Sumaiya akasema. "Halafu kuna mtu atachukua karatasi yako na kulima kama ulivyoandika. Yeye hajawahi kulima ngoro maishani mwake. Wewe utasimama pembeni, na huruhusiwi kusema hata neno."

Victor alianza kubonyeza kompyuta tatatata. Mwalimu Meshack alichonga penseli, akapiga mstari wa pambizo kwa rula. Hilda alikaa na karatasi nyeupe dakika kumi nzima.

Alikuwa anakumbuka Machi yake ya kwanza hapa. Bibi harusi mpya, jembe mkononi, wanawake wa ukoo mzima wamejipanga mlimani. Yeye akachimba shimo kwanza, zuri, la mviringo, halafu akauliza, "Sasa hizi nyasi naziweka wapi?" Kicheko kile kilivuka hadi mlima wa pili! Mama Walburga alilazimika kukaa chini. Hakuna aliyemwambia chochote. Waliendelea kucheka na kulima, na yeye akawa anachungulia wa kulia kwake, anachungulia wa kushoto, anakosea, wanacheka, anajua hapo nimekosea, anarekebisha. Jioni mikono imevimba, akamwandikia Scholastica kila kitu, hatua kwa hatua, ili asichekwe tena mwaka unaofuata.

Alichukua kalamu. Juu kabisa aliandika: *Dada.* Akakata. Chini yake akaandika: *Moja. Simama uso wako ukitazama juu mlimani.*

*

Mlimaji alikuwa Salumu, dereva wa lori la Ushirika, mtu wa Lindi, mrefu kama nguzo ya umeme, wiki tatu tu Mbinga na bado analala na makoti mawili. Nyuma ya ofisi kulikuwa na mteremko uliofyekwa wiki mbili nyuma, nyasi zimelala zimekauka, na kamba imevutwa kuzuia watu. Habari zilishaenea. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka shamba walisimama na majembe yao begani, na katikati yao nani? Mama Walburga. Anasema alikuwa anapita tu. Kwao na ofisini ni saa nzima kwa miguu, na njia yake ya shamba iko upande mwingine kabisa.

Ikaja karatasi ya Victor. Kurasa tatu. Salumu alikamata jembe mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, akasoma kwa sauti. Utangulizi. Historia ya ngoro. Umuhimu wa ngoro kwa mazingira. Umuhimu wa ngoro kwa uchumi. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine.

"Jamani," akasema, "mpaka hapa nimekubali kwamba ngoro ni nzuri. Nifanye nini?"

"Endelea kusoma!" Victor akapiga kelele.

"Usiongee," Bi Sumaiya akamwambia.

Mstari wa mwisho ulisema: *Hatimaye, ngoro huchimbwa kwa ustadi mkubwa.* Salumu alitafakari. Akavua koti moja. Akachimba shimo kwa ustadi mkubwa, akaingia, akasimama humo mikono kiunoni kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Wanawake walikufa kwa kicheko.

"Hajasoma kwa umakini," Victor alisema.

Ikaja ya Mwalimu Meshack. Hiyo ilikuwa fupi, mwandiko wa dhahabu, Kiswahili kimenyooka hadi unataka kukipigia saluti. *Kusanya nyasi zote zilizokauka. Andaa shamba kama ilivyo kawaida.*

Salumu akakusanya. Aliburuta nyasi zote akazitengeneza fungu moja refu kumzidi Mzee Ignatio. Akasoma tena: *kama ilivyo kawaida.* Akatikisa kichwa kwamba hili sasa ameelewa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti.

"Weeeee!" Mteremko mzima ulipiga kelele. Mwalimu Meshack alisahau miaka yake sabini na mbili, akaruka kamba, akampokonya kiberiti. "Unachoma nyasi za ngoro? Una wazimu? Nyasi ndiyo mbolea! Nyasi ndiyo tuta lenyewe!"

"Mwalimu, kwetu shamba likiandaliwa linachomwa. Umeandika kawaida. Mimi kawaida yangu ndiyo hii."

"Soma vizuri!"

"Nimesoma vizuri. Sogea hapa uone."

"Mtafute msomaji mwenye akili," Mwalimu Meshack akawaambia wasaili, akarudi nyuma ya kamba anahema.

*

Ya Hilda ilikuwa karatasi moja, upande mmoja. Salumu alisoma mstari, akafanya. Akasoma mstari, akafanya.

*Moja. Simama uso wako ukitazama juu mlimani. Mbili. Nyasi usizichome. Zikusanye, zilaze ziwe mistari minene kama mguu wako, kutoka juu kwenda chini. Tatu. Sasa laza mistari mingine ikatize ile ya kwanza, upate vyumba vya pembe nne. Kati ya mstari na mstari acha hatua mbili. Nne. Ingia katikati ya chumba. Usianze kuchimba kabla ya hapo, utachekwa.*

Wanawake waliguna kwa furaha. Mama Walburga alijifanya anatazama mawingu.

*Tano. Chimba katikati, udongo urushe juu ya nyasi za pande zote nne mpaka zifunikwe. Shimo linalobaki ndiyo ngoro. Sita. Ukiona nyasi zimechungulia kwenye tuta, ongeza udongo.*

Salumu akachimba. Akachimba. Akavua koti la pili. Jasho likamtoka. Baada ya robo saa akafika mwisho, na watu wakasogea kuona.

Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa ukubwa. Hatua mbili za Salumu sio hatua mbili za Hilda. Chumba chake ungeweza kuingiza kitanda na kabati. Udongo wa katikati haukutosha kufika pande zote, matuta yamekuwa membamba kama mkia wa panya, na shimo katikati refu, jeusi.

"Hii ngoro?" Mzee Ignatio akauliza. "Au tumlete padri?"

Kicheko kililipuka. Hilda alihisi masikio yanawaka. Alikuwa anauma ncha ya kitenge chake, lakini hakufungua mdomo. Aliliona begi la bluu, hivihivi mchana kweupe, linapakiwa juu ya basi.

*

Wasaili waliingia ndani na dirisha likabaki wazi, kwa hiyo Lipembe yote ilisikia.

"Wote wamefeli," Mzee Ignatio alisema. "Tutangaze upya. Mwezi wa tano."

"Au tuwape nafasi ya pili."

"Kama ni hivyo tumpe kijana Victor, ana digrii. Meneja, tuseme ukweli, mtu wa ziwani atatuandikia ngoro sisi Wamatengo?"

"Mwenyekiti, hebu nieleze mimi. Naanzaje?"

"Si unapanga nyasi."

"Nazipanga vipi?"

"Unazipanga tu! Zinavyopangwa!"

"Zinapangwaje?"

Kikasikika kiti kinalia. "Meneja," Mzee Ignatio akasema polepole, "mbona unaniuliza maswali kama mtu wa Lindi?"

Nje hata Salumu alicheka.

Bi Sumaiya akatoka. "Nusu saa nyingine," akawaambia. "Kila mtu achukue karatasi yake airekebishe. Sasa hivi mnaruhusiwa kuongea."

Victor akafungua kompyuta, akaongeza ukurasa wa nne, changamoto na mapendekezo. Mwalimu Meshack aliiangalia karatasi yake, hakuona kosa, akaanza kuzungumza na Bi Sumaiya kuhusu kushuka kwa kiwango cha usomaji nchini.

Hilda alimfuata Salumu, aliyekuwa amekaa pembeni ya kaburi lake akinywa maji.

"Pole na kazi, kaka."

"Nishapoa, shemeji."

"Umekwama wapi?"

Salumu alimwangalia. Tangu asubuhi hilo swali hakuulizwa na mtu. "Sikukwama. Umesema hatua mbili, nikapiga mbili. Hizi hapa."

"Hebu zipige tena nizione."

Salumu akapiga mbili. Hilda akapiga zake mbili pembeni. Zilipishana kwa karibu nusu.

"Basi kosa ni langu," Hilda akasema. "Niliandika miguu yangu. Sasa nikiandika nini, wewe na mimi tukapata sawasawa?"

Wakakaa wanafikiri. Mkono? Mkono wa Salumu nao unafika Songea. Kamba? Nani ana kamba shambani. Salumu akawa anagonga jembe chini, to, to, to, na Hilda akaukazia macho ule mpini.

"Hilo jembe mmenunua wapi?"

"La ofisi. Kwa mzee Abdulhamid."

Hilda akageuka kwa wanawake. "Mama zangu, shikamooni! Majembe yenu mmenunua wapi?"

"Kwa Abdulhamid!" wakaitika. "Kuna pengine?"

Wakayaleta, yakapangwa chini, majembe manane na mipini minane. Yote yalikuwa urefu uleule. Hilda akalaza mpini kwenye mteremko, akapima, akaongeza nusu, akatazama. Ndiyo. Ndiyo kabisa! Akakata *hatua mbili* akaandika juu yake: *mpini mmoja wa jembe na nusu. Mpini, sio mguu. Mguu kila mtu ana wake.*

*

"Sasa alime nani?" Mzee Ignatio akauliza. "Salumu ameshaerevuka."

Bi Sumaiya alikuwa anavua viatu.

"Meneja?"

"Mimi nimezaliwa Mbinga, mwenyekiti. Baba yangu kawauzia majembe miaka arobaini. Mimi mwenyewe sijawahi kulima hata ngoro moja." Akaomba kanga kwa mama mmoja, akaikaza kiunoni juu ya baibui. "Lete karatasi."

Alianza na ya Victor. Alifika ukurasa wa pili akamrudishia, kwa adabu. Ya Mwalimu Meshack alisoma mstari wa kwanza na wa pili, akamuuliza, "Mwalimu, na mimi kawaida yangu ni ipi? Mimi nimekulia dukani." Mwalimu akasogea karibu. Akaichukua karatasi yake, akaitazama muda mrefu, halafu, Mungu ambariki, akaanza kujicheka mwenyewe. "Miaka thelathini na mitatu," akasema. "Nimewachapa watoto wa watu bure."

Ikaja ya Hilda. Bi Sumaiya alisimama uso unatazama mlimani. Akalaza nyasi juu kwenda chini, akalaza za kukatiza, akapima kwa mpini. Akaingia katikati, akachimba. Mkono wa mtu wa ofisi, jembe linamchezesha, lakini udongo ukawa unaruka huku, unaruka kule. Kuna mahali nyasi zilitokeza na wanawake wakaanza kucheka. Alisimama, akasoma namba sita, akaongeza udongo, kicheko kikakata. Hapo Mzee Ignatio alivua miwani akaifuta.

Alipomaliza, akaegemea mpini. Wote walimgeukia Mama Walburga, maana kwa ngoro pale Lipembe yeye ndiye mahakama ya rufaa. Bibi akashuka taratibu. Akaingiza mkono shimoni hadi kwenye kiwiko. Akabonyeza tuta moja, akabonyeza la pili, la tatu, la nne. Akazunguka mara mbili.

"Hii," Mama Walburga akasema, "hata mvua ya Aprili haitaibomoa."

Vigelegele! Wanawake walitupa majembe, wakamzunguka meneja, wakamzunguka Hilda, tope kila mahali. Na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Mama Walburga: "Mkamwana wangu huyo! Nilimfundisha mimi! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii!"

"Ulinifundisha kwa kunicheka, mama," Hilda akasema, analia na kucheka kwa pamoja.

"Si ulielewa?"

Mzee Ignatio alisimama juu ya jiwe akakohoa kidogo. Alisema kamati imekubaliana. Alisema tatizo la watu waliozaliwa na kitu ni kwamba wanaruka yale yasiyoonekana kwao, na kwamba hata mashine ile iliyolia kama mbuzi iliwashwa na fundi aliyejua sana, ambaye aliona hakuna haja ya kumwambia mtu kuhusu maji. "Lakini mimi kura yangu nimempa kwa kitu kingine," akasema. "Wawili walimwambia Salumu kwamba hajui kusoma. Huyu mama alimuuliza amekwama wapi. Mwandishi wetu ni Hilda. Mkataba Jumatatu."

"Jumatatu?" Hilda akauliza.

"Kwani Jumatatu una safari?"

"Hapana, mzee. Hakuna mwenye safari."

Barazani, Victor alikuwa amesimama karibu na chupa, suti ina tope hadi magotini. Alijaza kikombe akamletea kwa mikono miwili. "Dada," akasema, hamwangalii usoni, "sukari ngapi?"

"Tatu," Hilda akasema. "Na koroga."

*

Kwenye kilima cha mtandao alimpigia Scholastica kwanza. Kelele iliyotoka Ngumbo ilimfanya Mama Walburga asogeze sikio mbali na simu. Halafu Hilda akakaa juu ya jiwe, viatu mkononi tena, akamwandikia mume wake. Mama mkwe alisoma juu ya bega lake, herufi kwa herufi, anamsahihisha.

*Baba Glorious. Moja: Nenda nyuma ya mlango. Mbili: Fungua begi. Tatu: Toa mashati, yatundike kwenye msumari. Nne: Toa blanketi, tandika kitandani kwetu. Tano: Injika maji ya ugali. Mama na mimi tunakuja, tuna njaa sana na tuna habari. Sita: Ukikwama usikasirike. Niambie umekwama wapi.*

Wakaanza kushuka, mtu na mkwe wake, wameshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Simu ikalia kabla hawajafika chini.

*Nimeshaelewa habari yenyewe mke wangu, napiga kelele huku mpaka Glorious ananishangaa,* Urbani aliandika. *Namba moja nimefanya. Namba mbili zipu ilishakufa, begi liko wazi. Namba tatu mashati yapo msumarini. Nimekwama namba nne. Kuku ametaga kwenye blanketi, mayai manne, amekaa juu yake na ananidonoa. Naomba maelekezo.*

Hilda akasimama palepale kwenye tope, akacheka mpaka ikabidi mama mkwe amshike asidondoke.

"Mwambie aache hivyohivyo," Mama Walburga akasema. "Huyo begi ni lake sasa."